Rambirambi za Mwalimu wa Udereva

Simu ilimkuta Breki, kama watu wote walivyomwita, katikati ya mlima, ameketi kiti cha abiria, mguu wake ukielea juu ya ile breki ya pili ambayo magari ya kufundishia huwekewa ili mwalimu afe uzeeni. Kwenye usukani alikuwa mfamasia mmoja mtu mzima, mwenye duka lake na heshima zake, anayeogopa milima kuliko wagonjwa wanaokuja bila cheti. Nyuma yao lori lilikuwa linapumua.

"Usiiangalie simu, iangalie barabara," Breki alimwambia. "Simu ni yangu, ajali ni yetu sote."

Mkono mmoja ulikuwa kwenye breki ya mkono, kwa hiyo akabonyeza spika kwa kidole cha mkono mwingine.

"Naongea na mdaiwa?" iliuliza sauti ya kijana aliyejibana koo ili asikike mzito.

"Unaongea na mwalimu wa udereva. Sema."

"Mimi ni Afisa Mwandamizi wa Urejeshaji. Dada, umechelewesha fedha za kampuni. Tunakupa mpaka jioni ya leo, la sivyo tunachukua hatua ambazo familia yako yote..."

"Nusu klachi."

"Samahani?"

"Sikukwambia wewe. Wewe endelea."

"La sivyo familia yako yote itajua wewe ni mtu wa namna gani."

"Inarudi!" mfamasia alipiga kelele. "Mwalimu, inarudi nyuma!"

"Nani anarudi?" aliuliza afisa, sauti yake halisi ikimponyoka.

"Ni gari," Breki alimjibu huku akikanyaga breki. "Pesa zenu nyie zilishawarudia zamani, na riba juu. Ukiwa na la zaidi andika meseji, hapa nina mtu anataka kuingia ndani ya lori kwa mgongo."

Akakata. Mfamasia alikuwa ametoa jasho mpaka kola ya shati imelala. Alipanda ule mlima kwa jaribio la tatu, akapigiwa honi na kila mwenye honi. Walipofika juu aliuliza kwa adabu kama ni sawa kwake kuuliza kuhusu ile simu.

"Si sawa," Breki alisema. "Indiketa ya kulia. Ya kulia, ndugu yangu. Hizo ni wipa."

Chanzo cha yote kilikuwa klachi. Iliungua majuma machache nyuma, mtihani wa leseni ukiwa mlangoni, na wanafunzi wote walikuwa wamelipa ada wakitaka gari, siyo maelezo. Fundi alisema hagusi nati bila pesa mkononi. Ndipo Breki alipolikumbuka lile tangazo la kwenye simu, lenye msichana mwenye meno mengi kuliko kawaida: mkopo papo hapo, bila dhamana, bila maswali. Na kweli hawakuuliza swali hata moja. Majibu walijichukulia wenyewe. Ulibonyeza "Nakubali", nao wakaingia ndani ya simu yako kama wageni wa sherehe, wakaondoka na namba za watu wote unaowajua. Breki, mwenye diploma ya chuo, ambaye huwafelisha watu kwa kutosoma kibao cha barabarani, alibonyeza "Nakubali" bila kusoma mstari hata mmoja.

Walimpa pungufu ya walichoahidi, maana walikata kwanza "ada ya huduma", yaani gharama ya kukupa pesa yako ikiwa imepungua. Alilipa yote siku yenyewe ya mwisho, pamoja na riba. Kesho yake ikaja faini ya kuchelewa, kwa kuwa kwenye kalenda ya kampuni ile siku huisha mchana. Akalipa na hiyo, ili apate usingizi. Ikaja faini ya kuchelewesha faini. Hapo Breki akafunga pochi. Aliitafuta kampuni kwenye orodha ya wakopeshaji wenye leseni, hakuiona. Alipeleka malalamiko kwenye ofisi inayohusika, akaambiwa aandike barua, itafanyiwa kazi, kwa sauti ile ya mtu ambaye kazi hiyo ataifanya mwingine, siku nyingine. Mwisho akaendesha hadi kwenye anwani iliyoandikwa kwenye mkataba, akiwa na mwanafunzi wa siku hiyo. Walikuta duka la magodoro. Mwanafunzi alijifunza kuegesha kwa rivasi, na hiyo ndiyo faida pekee ya safari ile.

Tangu hapo msimamo wake ulikuwa mmoja: halipi tena. Ungekuwa msimamo mwepesi kabisa kama si uwanja.

Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake. Zamani baba mkwe alikuwa akihifadhi mbao pale. Alipofariki, Breki aliupangia mapipa, akapaka matairi chokaa, akachora mistari ya kuegeshea, na shule yake ikapata mahali pa kumfundishia mtu kona kabla hajakabidhiwa maisha ya watu wengine. Bila uwanja hakuna shule, sheria inasema hivyo. Hakukuwa na karatasi yoyote kati yake na mama mkwe, kulikuwa na neno la mdomo tu, na sasa alikuwa amejitokeza mwenye malori mmoja, mnene wa mwili na wa ahadi, anayetaka kuununua ili alaze magari yake. Mama mkwe alikuwa amesema atatoa jibu mwisho wa juma.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mstari mnyoofu. Alichokichukia duniani ni mikopo. Kwake yeye, mwenye mkopo na mwenye upele hukaa benchi moja. Breki alikuwa amemwambia kwamba klachi ilitengenezwa kwa akiba ya shule.

"Si umwambie tu ukweli?" mumewe alishauri jioni hiyo, mbele ya sahani. Alikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole, anayeamini kila tatizo lina saizi yake ya skrubu.

"Nimwambie mama yako?"

"Ni mama yangu, siyo simba."

"Wewe ulimwambia lini kwamba uliacha kwaya?"

Mume akaitazama sahani kama vile ameona kitu kinaogelea ndani yake.

"Basi walipe hao watu wanyamaze," alisema baadaye.

"Nikiwalipa watanyamaza mpaka keshokutwa. Nimeshawalipa kunyamaza mara mbili, na bado wanaongea kuliko mimi."

"Hilo siyo jambo dogo," mume alikubali, akaosha vyombo bila kuombwa.

Afisa Mwandamizi hakuwa mvivu, hilo Breki alilikubali. Asubuhi alituma "Hati ya Mwisho Kabla ya Hatua", ikiwa na muhuri wa mahakama uliochorwa na mtu ambaye ni wazi hajawahi kushtakiwa. Mchana alituma Hati ya Mwisho Kabisa. Kisha akaanza kuwapigia watu walio kwenye simu yake, mmoja mmoja, akisoma majina kama Breki alivyoyahifadhi.

Na Breki huwahifadhi watu kwa namna atakavyowakumbuka haraka. Fundi wa bodi ya gari alipiga simu akiwa amekasirika, siyo kwa sababu ya deni.

"Kuna kijana kanipigia, ananiita Fundi Mwongo. Ati ndivyo nilivyoandikwa kwako."

"Uliniambia mlango utakuwa tayari Jumatatu."

"Nilikwambia Jumatatu, sikusema ipi!"

"Sasa umeelewa ulivyopata jina."

Alifuata jirani, aliyekuja mwenyewe mpaka mlangoni kuuliza kwa nini anaitwa Jirani Sukari, huku mkononi ameshika kikombe kitupu. Alifuata mwanafunzi mmoja wa zamani, sasa dereva wa gari la wagonjwa, aliyelalamika kwamba mtu mzima na sare yake hapaswi kuitwa Kona Mbaya na mtu asiyemjua. Kuhusu deni hakuna aliyesema kitu. Kila mmoja alikuwa na jina lake la kulilia.

Breki alicheka mpaka akakumbuka jina alilomwekea mama mkwe. Kicheko kikakauka. Alilibadilisha palepale, akaandika "Mama Mpendwa", kana kwamba kufunga mlango kungemrudisha mwizi aliyekwisha kufika kwao. Akasubiri. Siku ikapita, na nyingine. Mama mkwe alimpigia kuhusu chumvi, kuhusu mjukuu mwenye mafua, kuhusu mwenye malori aliyeongeza dau. Kuhusu deni hakusema neno. Afisa alikuwa amewapigia watu wote isipokuwa yule mmoja aliyeogopewa, na Breki hakujua amshukuru nani.

Siku ya mtihani ilifika. Mtahini ni afisa wa usalama barabarani ambaye hajatabasamu tangu apate cheo, na sheria yake ya kwanza ni kwamba simu zote, za walimu na za wanafunzi, zinakaa kwenye kapu mpaka wa mwisho amalize. Breki alisimama juani asubuhi nzima akiwatazama watu wake wakipita kati ya mapipa. Mfamasia alipanda mlima kwa mkupuo mmoja, macho ameyafumba nusu, na akafaulu. Breki alikaribia kumkumbatia lakini akakumbuka yeye ni nani, akamwambia tu kwamba indiketa aliichelewesha.

Kisha akaenda msalani. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi kapu lilikuwa limeshafunguliwa, na wanafunzi wake walikuwa wamesimama duara wakizitazama simu zao. Mfamasia alimwona wa kwanza. Akamwangalia kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Mwalimu," alisema polepole, "hapa wanasema umefariki."

"Saa ngapi?"

"Hawajasema. Ila wanataka mchango."

"Umetuma?"

Mfamasia akaificha simu mgongoni. "Nilikuona ukienda msalani, ukakawia..."

Breki alimnyang'anya simu. Afisa Mwandamizi alikuwa amefanya kile wanachokifanya wenzake wa kazi hiyo wanapochoka kupiga simu: aliwakusanya watu wa Breki kwenye kundi moja ili amwaibishe mbele ya umati. Aliweka picha ya Breki ya kwenye kitambulisho, nyeusi na nyeupe, ile ambayo mtu yeyote hutokea akiwa ameshakata tamaa. Na kwa kuwa alitaka kutisha, aliandika kama redio inavyosoma matangazo ya vifo: "Ndugu, jamaa na marafiki wa mtajwa hapo juu, popote mlipo, kwa masikitiko mnaarifiwa kuwa..." Baada ya hapo yalifuata maneno marefu kuhusu kukiuka masharti ya mkataba, ambayo hakuna binadamu angeyasoma. Mwisho kulikuwa na kiasi kinachohitajika na namba ya kupokelea pesa.

Aliyejibu wa kwanza alikuwa shangazi yake Breki, ambaye miwani yake huwa iko kwenye nyumba nyingine daima. Aliandika: "Maskini mtoto wetu!! Poleni sana wafiwa. Nimetuma." Na ukishaona mtu mzima ametoa pole, wewe ni nani uulize marehemu amekufa nini?

Zikamiminika. Fundi Mwongo aliandika kwamba marehemu alikuwa mkali lakini mkweli, akatuma. Jirani Sukari alisema hatamsahau, akatuma. Kona Mbaya alijitolea gari la kubebea mwili. Mtu mmoja asiyejulikana aliomba radhi kwa usumbufu, akatangaza kwamba anauza viatu vya mtumba vya daraja la kwanza.

Katikati ya yote hayo kulikuwa na afisa, maskini, akihangaika.

"Jamani, hajafa! Huyu ni mdaiwa sugu!"

"Wewe nani unayetaja madeni ya marehemu hata hajazikwa?" shangazi alimjibu. "Umelelewa wapi?"

"Kampuni inamdai, someni tangazo!"

"Kama unamdai subiri familia ikae. Aibu huna."

"Hajafa, nimeongea naye juzi!"

"Sote tuliongea naye juzi," aliandika Fundi Mwongo, na watu wengi wakaweka alama ya machozi.

Afisa akajitoa kwenye kundi. Uongozi ukamwangukia shangazi, na saa hiyohiyo jina la kundi likabadilika kuwa "Kamati ya Mazishi".

Breki alimpigia kwa simu ya mfamasia. "Shangazi, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi. Breki."

"Si umekufa?"

"Sijafa."

"Una hakika?"

"Shangazi, nimesimama hapa na wanafunzi. Ile ni kampuni ya mikopo, wananichafua. Waambie watu waache kutuma."

"Sasa mbona hukusema mapema?" shangazi alifoka. "Nimeshakodi viti! Na mama mkwe wako ndiye ametoa kikubwa kuliko wote. Nilimpigia mwenyewe maana kwenye kundi hayumo, sijui kwa nini. Amelia mpaka sauti imekatika. Yuko uwanjani sasa hivi anasimamia turubai."

Breki hakusikia yaliyofuata. Aliwahi kuendesha gari kwa kasi mara chache sana maishani, na zote aliziita za dharura. Hii aliihesabu humo. Mfamasia, aliyekuwa ameingia kiti cha nyuma bila kualikwa, alitaja kwa sauti ndogo kwamba kibao kile kilisema mwendo wa pole.

"Nimekiona," alisema Breki. "Mimi ni marehemu, hawanipigi faini."

Uwanjani turubai lilikuwa limeshasimama upande mmoja, kamba zake zimefungwa kwenye mapipa ya kona. Mumewe alikuwa amekaa juu ya tairi lenye chokaa, amevua viatu, uso umevimba. Alipomwona mkewe akishuka kwenye gari alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimshika mkono wa blauzi na hakuuachia tena mchana ule.

Mama mkwe alikuja taratibu kutoka upande wa turubai. Alimgusa Breki shavuni. Kisha akamfinya, kwa nguvu, mpaka akasema "Aaa!"

"Uko hai," mama mkwe alisema.

"Niko hai, mama."

"Basi eleza."

Breki alieleza. Hakuzunguka, maana kuzunguka hakujui na mahali pa kuzungukia palikuwa pamejaa viti. Alisema klachi, alisema tangazo, alisema faini na faini ya faini. Mama mkwe alisikiliza amefunga mikono.

"Klachi uliniambia ni akiba ya shule."

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Ungesikia mkopo ungeuza uwanja."

"Ni kweli, ningeuza." Mama mkwe aliyatazama mapipa. "Nimekulilia mbele za watu."

"Samahani, mama."

"Nimesema ulikuwa mkwe mwema. Nimesema mbele ya majirani, kwa sauti. Maneno yale nitayarudishaje?"

Kabla Breki hajajibu, simu yake ikalia mlio wa meseji, na mume, kwa kihoro, akaisoma kwa sauti: "Hongera, mteja wetu mpendwa! Deni lako limelipwa lote. Kwa uaminifu wako, sasa una sifa ya kupata mkopo mara tatu zaidi. Bonyeza hapa."

Mara simu yenyewe ikaita. Alikuwa Afisa Mwandamizi, na sauti nzito ilikuwa imemwisha kabisa.

"Dada, nakuomba. Waambie watu wako waache kunipigia. Tangu wasikie uko hai wanadai michango yao. Kuna mama mmoja amepiga simu kuliko mimi ninavyopiga, na mimi ndiyo kazi yangu. Ananiuliza habari za viti."

Mama mkwe alinyoosha kiganja. Breki akampa simu, spika ikiwa imewashwa, maana kiganja kile hakikuwa kinaomba.

"Ndiwe uliyemuua mkwe wangu?"

"Mama, sisi hatukusema amekufa..."

"Rudisha pesa za watu."

"Mfumo haurudishi, mama. Ukishapokea umepokea."

"Kupokea unajua, kurudisha ndiyo unasingizia mfumo. Si wewe Afisa wa Urejeshaji? Rejesha!"

"Mama, tafadhali, tusifike huko. Sisi ni watu wa sheria. Hata kwenye orodha ya huyu dada kulikuwa na namba ya Mahakama Kuu, tukairuka kwa heshima. Hatukupiga, wala hatukuiweka kwenye kundi."

Mama mkwe alikunja uso. "Mahakama Kuu? Mkwe wangu ana namba ya Mahakama Kuu?"

Breki aliona ghafla kwamba tairi moja linahitaji chokaa mpya.

"Nisomee hiyo namba," mama mkwe aliagiza.

Afisa akaisoma, tarakimu kwa tarakimu. Uwanja mzima ulisikia. Mume alijaribu kukohoa lakini haikusaidia. Mama mkwe alimgeukia Breki, akamtazama kwa muda ambao Breki aliutumia kutamani kifo cha kweli, kisha akarudi kwenye simu.

"Ni mimi," alisema. "Nawe umefanya vizuri kuniogopa. Kesho nakwenda na huyu mkwe kwenye ile ofisi iliyompa barua ya kuandika. Nitakaa pale mpaka mtu asimame. Namba yako ninayo, sauti yako ninayo, na nina muda, kijana, mimi ni mjane."

Laini ikakatika. Tangu hapo namba ile haikupatikana tena, kwa mtu yeyote, hata kwa shangazi.

Kweli walikwenda, na kweli mtu alisimama. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, huyo mtu akaahidi kufuatilia kampuni iliyokuwa inaishi ndani ya duka la magodoro. Michango haikurudi. Watu wakaacha kumpigia afisa, wakageukia mlango wa Breki, kwa upole wa wale waliokwisha kusema mema juu yako na sasa wanayajutia.

"Una nini cha kuwalipa?" mama mkwe aliuliza. Walikuwa wamesimama uwanjani, turubai limeshaondoka, na mwenye malori alikuwa amekuja kuchukua jibu lake. Alikuwa ameegemea geti, akipima ardhi kwa macho.

"Sina kitu. Nina gari na mdomo."

"Basi wafundishe. Kila aliyetoa mchango aje asome mpaka utimie."

"Mama, ni wengi mno! Fundi, jirani, shangazi na kamati yake yote. Nusu yao hawajawahi kugusa usukani."

"Ulipokuwa marehemu hukulalamika kwamba ni wengi."

"Nitawafundishia wapi? Wewe si..." Breki aligeuza shingo kuelekea getini, akaishia hapo.

Mama mkwe naye aligeuka, akamtazama mwenye malori kama mtu anayetazama mvua inayotaka kunyesha wakati nguo ziko kambani.

"Bwana," alimwita, "uwanja siuuzi."

"Mama, tulikubaliana utafikiri!"

"Nimefikiri. Pesa yangu iko ndani ya huyu mwanamke, na hawezi kuitapika akiwa barabarani. Nikikupa uwanja, mchango wangu nitausomea kwenye malori yako?"

"Basi mpaka lini? Niambie tarehe."

"Mpaka wote wajue kuendesha."

Mwenye malori alitazama ndani ya uwanja. Kwenye gari la shule alikuwa ameketi shangazi, aliyewahi nafasi tangu asubuhi, miwani hana, akiupigia honi mlango wa choo na kuuambia upishe. Mwenye malori akatoa funguo zake mfukoni, akaaga kwa heshima, akaenda kutafuta kiwanja kwingine.

"Shuka," mama mkwe alimwambia shangazi. "Mimi ndiye nilitoa kikubwa, naanza mimi."

Ilichukua maneno mengi shangazi kushuka, mengine yakihusu viti vya kukodi ambavyo bado havijalipiwa. Mama mkwe aliingia, akauvuta mlango kwa kishindo, akaweka mkoba mapajani na mikono yote miwili juu ya usukani kama anayemshika mtu masikio. Breki alizunguka, akaketi upande wake, mguu tayari.

"Funga mkanda, mama."

"Kwani tunakwenda wapi?"

"Hatuendi popote. Somo la leo ni kukaa, kupanga kiti na vioo, na kufunga mkanda."

Mama mkwe aliushika mkanda kwa vidole viwili, akauangalia, akamwangalia mkwewe.

"Pesa yote ile," alisema, "kwa mkanda?"